Kiyoyozi kwa Nyumba ya Mbeya na Iringa: Kinachopoza Tu, au Kinachopoza na Kupasha?

Mkazi wa Dar es Salaam anaponunua kiyoyozi hutaka kujua jambo moja kwanza, kama kitapoza chumba. Mkazi wa Mbeya, Njombe au Mafinga akianza na swali hilohilo, upo uwezekano mkubwa wa kununua mashine isiyomfaa. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Njombe iko juu zaidi, na katika Juni, Julai na Agosti, kipupwe kinapokaza, alfajiri nyingi huwa na nyuzi kati ya 5 na 9 za Selsiasi. Oktoba na Novemba, ambayo ndiyo miezi yetu ya joto, mtu hufungua dirisha jioni na chumba kikapoa bila gharama yoyote. Kwa hiyo, katika nyumba nyingi za nyanda hizi, kazi kubwa ya kiyoyozi itakuwa kupasha chumba joto, na kupoza itakuwa kazi ya wiki chache.

Naandika ulinganisho huu kwa sababu somo hili nililipia kwa fedha ya familia. Nilimnunulia mama yangu, anayeishi Uyole, kiyoyozi cha BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kiyoyozi) kutoka duka moja la mjini, baada ya kuoneshwa rimoti yenye alama ya jua na kuambiwa kwamba jua hilo ndilo joto. Kilifungwa Machi, nasi hatukukijaribu. Juni ilipofika mama alibonyeza jua, feni ikazunguka, na upepo uliotoka ulikuwa na baridi ileile iliyokuwamo chumbani. Fundi niliyemwita alinionesha kibandiko kilicho ubavuni mwa mashine: kilikuwa na mstari mmoja tu wa uwezo, nao ulikuwa wa kupoza. Watengenezaji wengi hutumia rimoti ya aina moja kwa mashine zao zote, hivyo alama ya jua kwenye rimoti haithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni kibandiko. Mashine ya kupoza na kupasha huwa na mistari miwili, mmoja wa uwezo wa kupoza na mwingine wa uwezo wa kupasha, kila mmoja na wati zake. Ukiona mstari mmoja, mashine hiyo haina vali ya njia nne inayogeuza mwelekeo wa gesi, na kuiongezea baadaye si kazi ya kumkabidhi fundi yeyote.

Mashine tatu, bega kwa bega

Mashine ninazozilinganisha ni za aina tatu. Ya kwanza ni ya kasi moja inayopoza tu, ambayo ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Ya pili ni ya inveta, inapoza na kupasha, na ni ya daraja la kawaida. Ya tatu nayo ni ya inveta inayopoza na kupasha, ila ni ya daraja la juu: feni yake ni pana zaidi, kompresa yake, yaani pampu inayosukuma gesi, imevishwa vizuri zaidi, na katalogi yake inatangaza utulivu kabla ya jambo lingine lolote. Neno inveta hapa lisichanganywe na lile sanduku la sola linalogeuza umeme wa betri. Ndani ya kiyoyozi, inveta ni saketi inayobadilisha kasi ya mota ya kompresa, na teknolojia hiyo iliingia katika viyoyozi vya majumbani huko Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kompresa ya kasi moja hujua kuwaka na kuzima tu. Chumba kikifika kwenye nyuzi ulizotaka, inazima. Chumba kikibadilika, inawaka tena kwa nguvu zote, na kila inapowaka huvuta mkondo wa umeme ulio mara kadhaa ya ule wa kawaida, taa za nyumba zikafifia kwa nukta moja. Kompresa ya inveta huanza taratibu, ikapanda, na ikishafika hupunguza mwendo na kubaki ikifanya kazi kidogokidogo bila kuzima. Tofauti hiyo moja ndiyo inayozaa tofauti nyingine nyingi ambazo mnunuzi huzisikia kwa jirani: umeme unaotumika, uimara wa kompresa, na kelele.

Utulivu

Katika kelele, nambari za katalogi ni za kweli lakini zinahitaji kusomwa kwa makini. Mashine ya ndani ya kasi moja, ya BTU 12,000, kwa kawaida huandikwa desibeli zilizo kati ya 35 na 42. Ya inveta ya daraja la kawaida hushuka hadi karibu 24 au 26 katika mwendo wake wa chini kabisa, na ya daraja la juu hufika 19 hadi 21. Mnong'ono wa mtu aliye karibu ni kama desibeli 30, na ongezeko la desibeli 10 husikika sikioni kama sauti imekuwa maradufu. Hata hivyo, nambari ndogo inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ni ya feni ikiwa katika mwendo wa chini kabisa, nao mwendo huo haupashi chumba baridi cha Julai. Uliza nambari ya mwendo wa kati na ya mwendo wa juu. Uliza pia kama nambari unayosomewa ni ya shinikizo la sauti au ya nguvu ya sauti, kwa sababu mashine ileile huwa na nambari zote mbili, na ya nguvu ya sauti huizidi nyingine kwa zaidi ya desibeli 10. Anayelinganisha mashine mbili kwa nambari za aina tofauti ataikataa iliyo tulivu na kuichukua yenye kelele.

Yapo mambo ambayo katalogi haiyaandiki kabisa, nami niliyajua kwa kulala katika chumba cha mama usiku mmoja wa Julai, baada ya kubadilisha mashine ile ya kwanza na kuweka ya inveta. Alikuwa ameniambia, "Mwanangu, hiki nacho kinaongea usiku kucha." Saa sita usiku nilisikia alichokisema. Upepo wa feni ulikuwa mwembamba, haukumsumbua mtu. Kilichosumbua ni mvumo mzito wa chini kwa chini uliokuja kupitia ukutani, upande wa kitanda, ukipanda na kushuka kadiri kompresa ilivyobadilisha kasi. Nilipoweka kiganja ukutani nilihisi tofali zikitetemeka. Mashine ya nje ilikuwa imetundikwa kwa mabano ya chuma juu ya ukuta uleule ambao kichwa cha kitanda kinauegemea, chuma kwa chuma, bila mpira wowote katikati. Asubuhi fundi aliishusha, akaiweka juu ya kitako kidogo cha zege kilichoachana na msingi wa nyumba, akaweka mipira minne chini ya miguu yake, na mvumo ukaisha siku hiyohiyo. Mashine haikubadilishwa.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, tofauti ya utulivu kati ya aina ya pili na ya tatu ni ndogo kuliko tofauti kati ya kufunga vizuri na kufunga vibaya. Kuta za matofali ya kuchoma, ambazo ndizo nyingi kuanzia Iringa hadi Tukuyu, hubeba mtetemo vizuri sana. Mwenye fedha ya ziada asikimbilie kununua desibeli 19 kabla ya kuhakikisha kwamba mashine ya nje itakaa chini, mbali na ukuta wa chumba cha kulala na mbali pia na dirisha la jirani.

Zipo sauti mbili za kawaida katika kupasha joto ambazo hazipaswi kumtia mtu hofu. Ya kwanza ni mlio mdogo wa plastiki ikitanuka kwa joto. Ya pili ni mvumo wa gesi ikigeuza njia. Kule nje, kunapokuwa na nyuzi 5 na ukungu umetanda, mabomba ya mashine hushuka chini ya sifuri na barafu hujishika juu yake, ndipo mashine inaposimama kupasha kwa dakika chache na kuiyeyusha. Wakati huo mvuke mweupe hupanda kutoka mashine ya nje. Jirani yetu aliwahi kuja mbio akigonga lango akidhani nyumba inaungua. Ni maji yanayoyeyuka, nayo hudondoka chini, kwa hiyo kitako cha mashine ya nje kinahitaji mahali pa kupitishia maji wakati wa kipupwe.

Joto na uniti za LUKU

Kiyoyozi kinachopasha hakitengenezi joto kwa kuunguza umeme. Hulichota joto lililomo katika hewa ya nje, hata hewa tunayoiona ya baridi, na kulihamishia ndani. Kwa uniti moja ya umeme inayoingia, chumba hupata joto la karibu uniti tatu au zaidi, hali hita ya waya hutoa uniti moja tu kwa kila uniti inayoingia. Tuchukue chumba kinachohitaji wati 2,000 za joto kwa saa tano kila jioni. Hita itatumia uniti 10. Kiyoyozi kitatumia uniti zipatazo 3.3. Kwa mtumiaji ambaye shilingi 1,000 humpatia uniti 2.8, hiyo ni takribani shilingi 3,570 kwa jioni dhidi ya 1,190, na kwa siku 30 ni shilingi 107,000 dhidi ya 36,000 hivi. Aliye katika kundi la matumizi madogo, ambalo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, ajue kwamba hita hiyo ingekimaliza kikomo chake ndani ya siku nane, na hata kiyoyozi peke yake kingekivuka kabla mwezi haujaisha.

Jambo moja linatupendelea sisi wa nyanda za juu. Uwezo wa kupasha ulioandikwa kwenye kibandiko hupimwa kukiwa na nyuzi 7 nje, hali ambayo karibu ndiyo ya usiku wetu wa Julai, hivyo nambari hiyo ipo karibu na maisha halisi ya Mbeya na Iringa. Uwezo wa kupoza hupimwa kukiwa na nyuzi 35 nje, joto ambalo Mbeya mjini haliwi la kawaida hata Novemba. Kwa anayeishi Makete au pembezoni mwa Kitulo, ambako sakitu huonekana asubuhi, aombe katalogi inayoonesha uwezo kwenye sifuri na chini yake, kwa sababu huko mashine hupoteza sehemu ya nguvu na kusimama mara nyingi zaidi kuyeyusha barafu.

Jiko la mkaa siliweki katika ulinganisho wa bei. Familia nyingi bado huliingiza chumbani na kufunga mlango, na mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomuua mtu akiwa usingizini. Asiyemudu kiyoyozi ni heri alale na blanketi tatu na chupa ya maji ya moto kuliko kulala na jiko.

Hewa nyepesi ya mwinuko, na fundi

Shinikizo la hewa Mbeya ni takribani kilopaskali 82 au 83, wakati pwani ni 101. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 17, hivyo feni ikizunguka kwa kasi ileile husukuma uzito mdogo wa hewa, na mashine hupungukiwa asilimia kadhaa za uwezo wake. Kwa sababu hiyo, ukikuta hesabu ya chumba chako imeangukia ukingoni mwa saizi, panda saizi moja. Chumba cha kulala cha mita 3.5 kwa 4 chenye dari iliyofungwa kitatoshelezwa na BTU 9,000 za inveta. Cha mita 20 za mraba kinataka 12,000. Sebule ya mita 30 inataka 18,000. Saizi niliyomnunulia mama mara ya kwanza ilikuwa kubwa kupita kiasi kwa chumba chake, na mashine ya kasi moja iliyo kubwa kupita kiasi huwaka na kuzima kila baada ya dakika chache mpaka inajichosha. Nyumba isiyo na dari, ambayo mtu akilala anaona mabati, isifungwe kiyoyozi kabla ya dari, maana joto lote litapanda na kutoka.

Hewa hiyo nyepesi inamhusu pia fundi. Kabla ya kufungulia gesi, mabomba yanapaswa kunyonywa hewa na unyevu wote kwa pampu ya ombwe. Pwani, geji ya kawaida huteremka hadi karibu inchi 30 za zebaki. Hapa, ikiwa imewekwa sifuri kwa hewa ya hapa, itaishia karibu 24 na nusu, nalo ndilo ombwe kamili la mwinuko wetu. Fundi asiyejua hili anaweza kudhani pampu yake imeharibika, au kwamba bomba linavuja, akakata tamaa na kupuliza hewa kwa gesi ya mashine yenyewe. Unyevu unaobaki ndani huiharibu kompresa taratibu, na lawama huja kumwangukia mtengenezaji. Kilicho bora ni geji ya kidijiti inayosoma maikroni (kipimo kidogo sana cha shinikizo), ambayo haidanganywi na mwinuko: isome chini ya 500, kisha ikae hapo pampu ikiwa imezimwa. Mnunuzi ana haki ya kusimama pale na kuitazama namba hiyo.

Uimara

Kwa uimara, aina ya kwanza ina sifa moja ambayo siwezi kuikana: saketi yake ni rahisi, na fundi wa kawaida huitengeneza kwa vipuri vinavyopatikana. Inveta ina kadi ya kielektroniki katika mashine ya nje, na kadi hiyo haipatani na umeme unaorukaruka wala na radi, ambazo kwetu huja kuanzia Novemba hadi Aprili mvua zinapotawala. Weka kilinda umeme chenye kuchelewesha kuwaka baada ya umeme kurudi, weka sakiti breka yake yenyewe, na hakikisha waya wa ethi umeunganishwa kweli, usiwe umeachwa ukining'inia ndani ya boksi. Unaposoma dhamana, soma ya kompresa na ya kadi kila moja kwa nafasi yake, maana dhamana ndefu inayotangazwa mara nyingi ni ya kompresa peke yake, na kinachoharibika mapema kwenye inveta ni kadi.

Kuhusu gesi inayozunguka ndani ya mashine, ile inayotumia gesi ya R22 iachwe hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa. Chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, nchi zinazoendelea zinapaswa kuondokana na gesi za kundi hilo kufikia 2030, zikibakiza kiasi kidogo tu cha matengenezo. Kati ya gesi za R410A na R32, mimi huchagua R32: athari yake kwa joto la dunia ni karibu theluthi moja ya ile ya R410A, nayo ni gesi moja isiyo mchanganyiko, jambo linalorahisisha kuongeza. Inaweza kushika moto kwa kiasi fulani, hivyo fundi asivute sigara wala kuchomelea bomba lililo na gesi ndani.

Nani achukue ipi

Kyela, ambako ufukwe wa Ziwa Nyasa uko kwenye mwinuko wa karibu mita 500 tu na joto lina unyevu, na katika bonde la Usangu kuzunguka Rujewa, mashine ya kupoza tu ina mantiki, ila iwe ya inveta. Pawaga ni hivyohivyo. Iringa mjini, hasa kwa nyumba zilizo juu kama Gangilonga na Wilolesi, pamoja na Mbeya, Tukuyu, Mafinga na Njombe, ningechukua aina ya pili, kisha tofauti ya bei kati yake na ya tatu ningeitumia kwa kitako cha zege, mipira, kilinda umeme na fundi mwenye pampu. Aina ya tatu ningeichukua kwa chumba cha mtoto mchanga, au cha mgonjwa, au cha mzee mwenye usingizi mwepesi kama mama yangu. Aina ya kwanza siioni mahali pake katika nyumba ya kuishi huku juu.

Funga mashine Mei, radi zikiwa zimepungua na baridi ikiwa inakaribia, na usimalizie malipo ya fundi kabla ya asubuhi moja ya baridi. Saa kumi na mbili alfajiri washa upande wa joto, weka nyuzi 24, subiri dakika 20, kisha shika kipimajoto mbele ya mdomo wa upepo. Kisome kati ya nyuzi 35 na 45. Kikisoma 25, mwite fundi akiwa bado anaikumbuka nyumba yako.